Nikiacha homoni, nilikuwa najidanganya?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 22. Nilizaliwa nikaitwa msichana, ila sijioni mwanamke wala mwanamume. Miezi saba iliyopita daktari alinianzishia testosteroni, homoni ya kiume, dozi ndogo. Sauti imekuwa nzito, naipenda mno. Sasa ndevu zinaota na sizitaki, natamani kuacha. Rafiki zangu waliobadili jinsia wanasema sikuwa na nia ya kweli. Mama naye anasema, "Si nilikwambia?" Kifua nakifunga bendeji kutwa kucha ili matiti yasionekane. Usingizi sipati. Je, nilikuwa najidanganya?*

Marahaba, mwanangu. Hukujidanganya hata kidogo. Ulitamani sauti ile, umeipata, na unaipenda. Ndevu zimekuja pamoja nayo kwa sababu testosteroni haimpi mtu nafasi ya kuteua. Dozi ndogo kwa kawaida huchelewesha tu mabadiliko.

Ila kabla ya yote, vua hiyo bendeji leo. Ndiyo iliyonitia hofu kuliko mengine yote uliyoandika. Bendeji huzidi kubana kadiri unavyopumua, na inaweza kukuumiza mbavu. Zipo vesti zilizoshonwa kwa kazi hiyo. Chagua inayokutosha, usiivae zaidi ya saa 8 hivi kwa siku, wala usilale nayo. Kifua kikiuma au pumzi zikikata, ivue papo hapo. Huenda hata huo usingizi unaoukosa unatokana na kulala umebanwa.

Sasa kuhusu kuacha. Sauti yako haitarudi ilivyokuwa, hiyo ni yako. Hedhi kwa kawaida hurudi, na umbo nalo hurejea taratibu. Ndevu zilizokwisha kuota huelekea kubaki, lakini unaweza kunyoa, au kuziondoa kwa leza. Zungumza na daktari aliyekuanzishia kabla hujaacha, umweleze wazi unachotaka na usichotaka. Tena ujue, testosteroni si kinga ya mimba, hata hedhi ikiwa imekoma. Wengi hawaambiwi hili.

Rafiki zako nadhani wanakupima kwa safari yao. Pengine wao walitaka kuwa wanaume kamili, na wamepigania hilo kwa machozi, hivyo ukisema "mimi imenitosha" wanasikia kama unawabeza. Hauwabezi. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, WPATH, kilitoa mwongozo mwaka 2022 wenye sura nzima kuhusu watu kama wewe, wasio wanaume wala wanawake. Wapo wanaotaka homoni bila upasuaji, wapo wanaotaka upasuaji bila homoni, na wapo wasiotaka dawa yoyote. Hakuna anayedaiwa kumaliza hatua zote ndipo aaminiwe.

Mama mwambie hivi, kwa upole: "Mama, sirudi nilikotoka. Nilichokitafuta nimekipata, sasa naacha dawa." Asipoelewa mara ya kwanza, usibishane naye usiku huo. Mpe muda.

Na wewe usikae peke yako na haya. Mtafute mshauri wa saikolojia asiyekusukuma upande wowote. Usingizi ukiendelea kukukimbia, au mawazo ya kujidhuru yakikujia, usingoje miadi: mwambie mtu unayemwamini siku hiyo hiyo, akupeleke hospitali.