Tairi la nyuma la pikipiki ya Honda CB750

SWALI: CB750 yangu ya 1972 ina tairi la 4.00-18 nyuma. Dukani wananishawishi nichukue 130/80-18, eti pana hushika barabara zaidi. Nikubali?

JIBU: Usikubali. 4.00 ni upana kwa inchi, 18 ni kipenyo cha ringi. Mbadala wake wa vipimo vya kisasa ni 110/90-18: upana wa milimita 110, kimo asilimia 90 ya upana huo. Ringi ya asili ina upana wa inchi 2.15 tu, hivyo tairi la 130 litabanwa kingoni, mgongo utachongoka, na eneo linalogusa lami litapungua badala ya kuongezeka. Laweza pia kusugua cheni.

Mbele ni 3.25-19, yaani 90/90-19. Ringi ni za spoku: funga tyubu mpya na utepe wa ringi. Soma pia tarakimu nne ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha lilitengenezwa lini. 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019.