Kila mtu ana mpango na kiinua mgongo changu

*Ndugu mshauri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Singida, nina miaka 58 na nusu. Nilianzia mfuko wa PSPF, na nikifika 60 nitakuwa nimechangia miaka 30. Mume wangu amepata Coaster kwa rafiki yake kwa shilingi milioni 38. Kijana wangu anaomba mtaji wa duka la simu. Mwenzangu wa kwaya ananivuta kwenye kikundi kinacholipa asilimia 20 kila mwezi. Nina mkopo benki, makato ni 310,000 na yamebaki miezi 26. SACCOS nimewadhamini wenzangu wawili. Mume amenuna kwa sababu sijasema ndiyo. Nani atanishauri bila kuniuzia kitu? — Mwalimu*

Mwalimu, pole kwa mnuno wa nyumbani. Wote watatu wanapanga fedha ambayo hata wewe hujaambiwa ni kiasi gani, kwa hiyo tuanze na hesabu.

PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma uliounganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF mwaka 2018, unachukua wastani wa mshahara wako wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora ndani ya 10 ya mwisho. Wastani huo unazidishwa kwa miezi uliyochangia, kisha unagawanywa kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Tangu Januari 2025, waliotokea PSPF na LAPF asilimia 40 yake huzidishwa kwa 12.5 na kutolewa kwa mara moja kama mkupuo, ndicho hicho kiinua mgongo. Asilimia 60 iliyobaki hugawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi.

Mshahara hukuutaja, basi tuchukulie wastani wa 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka. Kwa miezi 360 pensheni kamili ni kama 8,938,000 kwa mwaka. Mkupuo utakuwa kama milioni 44.7, na pensheni ya mwezi kama 447,000. Weka mshahara wako halisi, lakini ule wa msingi peke yake, bila posho.

Ukishaiona 447,000 hiyo, Coaster inabadilika sura. Milioni 38 ni karibu mkupuo wote, na kinachobaki hakifiki milioni saba.

Mshauri wa kwanza unayemhitaji ni ofisa wa PSSSF wa mkoa wako, kwa sababu yeye ndiye mwenye kumbukumbu zako. Nenda mwezi huu, usingoje barua ya kustaafu. Omba taarifa ya michango ya mwezi kwa mwezi tangu ulipoajiriwa, na makadirio ya mafao kwa maandishi. Kaa na taarifa hiyo mezani, kalamu mkononi, utafute miezi iliyo wazi. Mapengo hupatikana sana pale mtu alipohamishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, au mwajiri alipochelewa kuwasilisha. Kwa mfano wetu, kila mwezi usioonekana unakupunguzia mkupuo kwa takriban 124,000, na pensheni kwa takriban 1,240 kila mwezi, maisha yako yote. Miezi sita ikipotea, mkupuo unapungua karibu 745,000. Dawa yake ni hati za mshahara za miezi hiyo. Ni rahisi kuzipata ukiwa bado kazini kuliko ukiwa umeshakabidhi ofisi na mhasibu aliyekujua amehama.

Kisha ofisa utumishi. Kwake ulizia mambo matatu. Kama ulipandishwa daraja na mshahara haujarekebishwa, dai sasa, maana mshahara usioingia kwenye kumbukumbu hauingii kwenye wastani. Malimbikizo yoyote yaandikiwe barua yenye muhuri wa kupokelewa, na nauli na gharama za kusafirisha mizigo ya mstaafu ziombwe mapema ziingie kwenye bajeti. La tatu ni majina, na hapa walimu wengi wa kike hukwama: barua ya ajira ina jina la baba, kitambulisho cha NIDA kina jina la mume, na akaunti ya benki ina la tatu. Tengeneza hati ya kiapo ya majina na uisajili kabla faili halijapelekwa. Barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa vyeo, toa nakala mbili mbili.

Mkopo wako umevuka tarehe ya kustaafu. Utalipa miezi 18, itabaki minane, yaani makato ya 2,480,000. Uliza benki kwa maandishi: nikilipa salio lote siku ya kustaafu ni kiasi gani, na riba ya miezi iliyobaki inaondolewa? Wakikushawishi uongeze mkopo mpya juu ya huo, kataa. Na kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, usiiguse hata kwa wiki moja, hata kama pensheni imechelewa. Kwa ajili hiyo anza leo kuweka akiba ya matumizi ya miezi mitatu, kwa sababu kati ya mshahara wa mwisho na pensheni ya kwanza kunaweza kuwa na pengo.

Udhamini wa SACCOS ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa haumo kwenye hesabu ya mtu yeyote nyumbani. Ukiomba akiba zako wakati wenzako hawajamaliza, SACCOS inaweza kuzizuia. Waombe watafute wadhamini wengine sasa, na upate barua ya kuondolewa. Maneno ya mdomo hayatoshi.

Ukifika kwenye kuwekeza, muulize anayekushauri swali hili kabla ya lingine lolote: wewe unalipwa na nani? Ofisa wa benki anauza bidhaa za benki. Si dhambi, ila si mshauri wako. Washauri wa uwekezaji hupewa leseni na CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, na unaweza kuwauliza CMSA kama jina uliloletewa wanalo. Kikundi cha asilimia 20 kwa mwezi, Mwalimu, kikimbie. Milioni 10 ingezaa milioni 24 kwa mwaka, na hakuna biashara halali inayolipa hivyo kila mwezi. Anayelipwa leo analipwa kwa fedha ya aliyeingia jana. DECI, mpango wa upatu wa aina hiyo hiyo, ilipofika mwisho mwaka 2009 watu walikuwa wamepanda “mbegu” zao, yaani fedha zao, wakingoja mavuno.

Kwa mtu wa hali yako, ningegawa hivi: kwanza kufuta deni, kisha matumizi ya miezi sita kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayoendesha mifuko ya uwekezaji wa pamoja, unakoweza kutoa ndani ya siku chache za kazi. Sehemu kubwa iende kwenye hatifungani za serikali, yaani fedha unayoikopesha serikali, zinazolipa riba kila baada ya miezi sita, au kwenye Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS. Hatifungani za miaka mitatu na kuendelea riba yake haikatwi kodi, ilhali ya amana ya benki hukatwa asilimia 10. Ila ukiuza hatifungani kabla ya muda, bei inaweza kuwa chini ya uliyonunulia, kwa hiyo usiifunge fedha ya ada wala ya dawa. Benki nayo ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana inafidia hadi 7,500,000 tu.

Mume usimjibu hapana. Mwombe akuletee kutoka kwa rafiki yake hesabu za miezi 12 za hiyo Coaster: siku ilizolala gereji, matairi sita yalibadilishwa lini, bima, leseni ya LATRA, mshahara wa dereva na konda. Mwenye gari linalolipa hashindwi kuonyesha daftari. Msome pamoja, mkiwa na karatasi ya 447,000 pembeni. Kijana mpe kiasi ambacho kikipotea huwezi kuugua, na umwambie kiasi hicho kabla mkupuo haujaingia.

Ukipigiwa simu na mtu anayejua jina lako na namba yako ya uanachama, akidai ada ili mafao yako yaharakishwe, kata. Mafao hayalipiwi ada.

Ukiipata taarifa ya michango ukakuta mapengo, niandikie ni miezi gani na ulikuwa halmashauri ipi, tuone barua ianzie kwa nani.