Kongo kubisha milango miwili

SWALI: Shikamoo mzee. Napeleka mchele Kalemie kutoka Kigoma. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Mbona tena ikaita majeshi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kongo iliingia SADC zamani, 1997. Wanajeshi wa Afrika Mashariki walifika Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, Novemba 2022. Kinshasa ikalalamika kuwa hawapigani na waasi wa M23, wakaondoka Desemba 2023, wa SADC wakaingia mwezi huohuo. Goma ilipotekwa Januari 2025, jumuiya zote mbili ziliketi pamoja Dar es Salaam, 8 Februari: Rais Kagame wa Rwanda ukumbini, Rais Tshisekedi wa Kongo kwa video. Kikao kile kilikuja kwa sababu Kongo iko kotekote. Inaniuma kwamba wawili hao hawakukaa meza moja.