Taka za chumba cha eksirei, zipimwe mionzi au la?

Mkuu wa Tabora, umeuliza kama mifuko ya glovu na shuka chakavu za chumba cha eksirei lazima ipimwe mionzi kabla ya kwenda dampo, maana wafanya usafi wamegoma kuishika. Hapana, ile mashine ukizima tu mionzi imeisha hapohapo, haiachi kitu kwenye glovu wala ukutani, zitupeni kama taka zingine za hospitali, zenye damu kivyake.

Ngoma iko kwa wanaotumia dawa zenyewe za mionzi, mfano iodini-131 ambayo inapungua nusu kila siku 8 hivi. Hapo mfuko unaandikwa tarehe unafungiwa stoo mpaka upoe, yaani mionzi ipungue, ndo unapimwa, mmoja mmoja, mbali na chanzo kingine, kipimo unakipitisha taratibu karibu kabisa na mfuko pande zote halafu unalinganisha na kinachosoma pale bila mfuko. Na usiupime ukiwa ndani ya boksi la risasi (ile metali nzito inayozuia mionzi) eti kimesoma kidogo, hapo umepima boksi mzee! Mfuko ukisoma bado juu rudisha stoo. Viwango vya kuachia mfuko uende dampo ni vya TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, sio vya kukadiria. Stika ya mionzi ibanduliwe kwanza kabla ya kutupa, la sivyo dampo zima watakimbia.

Hao waliogoma, mtu wa eksirei awaite awaelezee palepale kwenye mashine.