Kisu cha Kijava: Mgongoni na Katika Ndimu

SWALI: Mhariri, salaam. Kwetu bwana harusi huvaa jambia mbele, kila mtu akaliona. Katika picha za harusi ya Java nimeona kisu kimechomekwa kiunoni kwa nyuma, mpini umevishwa asumini. Nimeambiwa pia kwamba visu hivyo huoshwa kila mwaka kwa sumu. Je, ni kweli?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni kweli, yote mawili. Kisu hicho huitwa keris, na Mjava hukichomeka mgongoni, mpini ukielekea kulia, ili wenyeji wake waone kuwa hakuja kwa shari. Si lazima ubapa uwe wa kupindapinda, kama wengi wanavyodhani. Keris nyingi zimenyooka, na zenye mapindo hesabu yake huwa witiri daima.

Kuosha huitwa jamasan, na hufanywa hasa mwezi wa Suro, ambao ndio Muharram, kwani Sultan Agung, mtawala wa dola ya Mataram huko Java, aliioanisha kalenda ya Wajava na ile ya Kiislamu mwaka 1633. Baada ya dua na udi, ubapa husuguliwa kwa maji ya ndimu mpaka kutu na mafuta ya zamani yatoke, kisha hupakwa aseniki iliyochanganywa na ndimu. Hiyo ndiyo sumu uliyoisikia, nayo haikukusudiwa adui: hukifanya chuma cha ubapa kiwe cheusi, huku tabaka za nikeli zikibaki kung'aa, na hapo ndipo yanapojitokeza mapambo yaitwayo pamor, ambayo mhunzi aliyatengeneza kwa kukunja na kufua vyuma hivyo pamoja mara nyingi. Wahunzi wa kasri la Surakarta walipata nikeli yao katika kimondo kilichoanguka karibu na Prambanan katika karne ya 18. Mwisho kisu hupakwa mafuta yenye manukato, kikarudishwa alani. Kwa maoni yangu, hapo ibada na ufundi havitenganishiki, maana familia isiyoosha urithi wake huuachia kutu.

Huko Bali, kisiwa jirani na Java, ambako wengi ni Wahindu, siku ya vyuma ni Tumpek Landep, inayorudi kila baada ya siku 210. Keris hutolewa alani na kuwekewa sadaka, na siku hizi hata magari na pikipiki hupambwa na kupata fungu lao, kwa kuwa navyo ni vyuma.