Waridi la Kale Halilazimishwi Pwani

Wiki iliyopita msomaji wa Tanga aliniandikia kwa masikitiko kwamba mwaridi wake wa Dameski, alioununua kwa bei kubwa akitumaini siku moja kujaza mrashi kwa marashi ya bustani yake mwenyewe, umestawi majani matupu bila hata tumba moja. Dada yangu, mche wako hauumwi. Aina hiyo huchanua mara moja kwa mwaka, tena kwenye matawi ya mwaka uliotangulia, na hutaka kipindi cha baridi ndipo itunge maua. Ndiyo maana Waomani huilima Jabal Akhdar, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, wala si Maskati.

Mimi hapa Lushoto najivunia mwaridi wa Kichina uitwao Old Blush, uliofika Ulaya katika karne ya 18 na kuirithisha miwaridi ya kisasa tabia ya kuchanua mfululizo. Ua lake hufunguka likiwa la rangi ya waridi iliyopauka, kisha petali za nje hukolea juani badala ya kufifia. Huo sikuununua. Kabla yake muuza miche mmoja alikwisha niuzia, kwa bei inayoniuma hadi leo, mche wa kubebesha alioapa kuwa ni wa kale, ilhali miwaridi ya kale ni ya jamii zilizokuwepo kabla ya 1867, mwaka ilipotoka La France, inayohesabiwa kuwa mwaridi wa kwanza wa kisasa. Huu wa Kichina nilimwomba bibi jirani vijiti uani kwake, naye akanijibu nikate nitakavyo, kwani mbuzi hula zaidi yangu.

Nilikata vijiti vinene kama penseli kwenye matawi yaliyomaliza kuchanua, nikaacha majani mawili juu, nikavichomeka kivulini kwenye mchanga na udongo wa msituni. Kungoja kwake hakuna la kusimulia.

Ndugu zangu, acheni kupogoa kwa kufuata kalenda ya Ulaya! Mwaridi wa Kichina ukikatwa hadi magotini hudumaa. Ondoeni matawi makavu na maua yaliyonyauka, basi. Mwagilieni shinani asubuhi, kwa maana majani yakilala na maji hupata madoa meusi. Asiye na subira ya mizizi anunue maua ya plastiki.

Nawe dada, mpe huo wa Dameski ndugu anayeishi milimani. Masika yakianza njoo uchukue vijiti kwangu, ukibeba kitambaa cha kulowesha. Marashi ya kujaza mrashi hutapata, maana harufu yake ni hafifu, lakini maua utayaona.