Re: Karakana ya chuo inaingiza hela ila vijiti vya kuchomelea hatupati
Habari mkuu. Nimekuelewa: mnachomelea mageti ya wateja wa nje, hela inaingia akaunti ya chuo, halafu vijiti mnasubiri miezi. Kabla ya kumlaumu mhasibu, angalia kama mapato hayo yana kasma (fungu) yake kwenye bajeti. Kwetu yalisomeka "mapato mengineyo", yakaishia kwenye umeme na posho za vikao (vikao haviishi!). Tukaomba kontroo namba (namba za kulipia) za karakana zitengwe na za ada. Hapo ndipo tukapata takwimu za kupeleka Baraza la Chuo, likapitisha mgawanyo: malighafi kwanza, mafundi, kisha chuo. Vijiti na diski za grainda ombeni mkataba wa mwaka mzima kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Asilimia za mgawanyo msinakili za chuo kingine, hasa kinachoishi kwa ushauri wa kitaalamu. Wao hawanunui chuma.